Msukumo Unaofika Kila Upande

Kijana mmoja anayesoma shule ya sekondari ametuandikia swali fupi. Auliza kwa nini mafundi wa magari, kila wakizifungua breki, humweka mtu akae akikanyaga pedeli huku wao wamelala chini ya gari, nao husema kuwa wanatoa upepo. Upepo huo umeingiaje, na una madhara gani, hali sisi sote tumezungukwa na hewa usiku na mchana wala haitudhuru?

Swali hili ni zuri. Twakiri kwamba lau lingalitufikia miaka michache nyuma tusingaliweza kulijibu, kwani nasi tulikuwa miongoni mwa wale wanaopanda gari, wakasoma dua ya safari, kisha wakayafumba macho. Aliyetufumbua macho alikuwa fundi wa baiskeli na pikipiki, katika safari ya Mwamanyili.

Mwamanyili ni kata ya wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu, upande wa Ziwa Viktoria. Tulikwenda huko mwezi wa Juni, mwaka 2023, kwa maziko ya jamaa yetu mmoja. Barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma hupita katika wilaya hiyo. Tuliposhuka basi tukakodi pikapu ituchukue katika njia ya vumbi. Mbele tulikaa wawili pamoja na dereva, na nyuma wakakaa kina mama wanne na watoto wao, pamoja na mikeka na masufuria ya matangani. Ilikuwa siku za kuchuma pamba, na kila upande mashamba yalikuwa meupe.

Njia ilipoteremka kuelekea kalvati, kundi la ng'ombe likawa linavuka. Dereva akakanyaga breki. Pedeli ikazama hadi chini, kana kwamba amekanyaga godoro. Akakanyaga tena, na tena, upesi upesi. Mara ya tatu au ya nne magurudumu yakaanza kushika, lakini nafasi ilikwisha. Akatia gia ndogo, akakata usukani, tukaingia katika shamba la pamba na kusimama katikati ya mistari yake. Alhamdulillahi, hakuumia mtu wala ng'ombe. Mwenye shamba akaja, akaitazama pamba yake iliyolala chini, akatutazama sisi, na jambo la kwanza alilouliza ni kama watoto walikuwa wazima.

Dereva alikuwa kijana mwenye adabu. Akatuomba radhi, kisha akasema neno ambalo hatujalisahau: "Pedeli hii ina siku tano inafanya hivi, lakini ukiikanyaga mara mbili tatu huwa inakubali." Aliisema kama mtu anavyosema habari za punda wake mkaidi.

Yule fundi alikuja akiburura baiskeli ya mtu. Akafungua boneti, akafungua kikopo cha mafuta ya breki, akatia kidole, akanusa, kisha akatunyoshea kidole chake tukione. "Wazee wangu," akasema, "haya si mafuta. Ni maji ya sabuni."

Sasa na tuanze kumjibu kijana wetu, naye atuvumilie, maana jibu la upepo halieleweki mpaka ijulikane kwanza tabia ya maji yaliyofungiwa.

Ukishika mchi ukatwanga kinuni, nguvu ya mkono wako hushuka kwa njia ya mchi moja kwa moja. Haiendi kulia wala kushoto. Maji si hivyo. Maji hayana umbo lake yenyewe, na chembe zake huteleza baina yao. Ukiyasukuma mahali pamoja, nayo hayana pa kukimbilia, kila chembe humbonyeza jirani yake wa juu, wa chini na wa ubavuni. Kwa hiyo msukumo ulioingia kwa mlango mmoja hufika katika kila ukuta wa chombo, na kila kipande cha ukuta kilicho sawa kwa ukubwa hupata msukumo ulio sawa. Msukumo huu, ukipimwa kwa kila sentimita moja ya mraba, vitabu vya shule huuita kanieneo. (Tumeuacha kando uzito wa maji yenyewe, ambao kisimani ni jambo kubwa, lakini katika chombo kidogo hautuhusu.)

Hapa ndipo akili nyingi hujikwaa. Mkate mmoja ukigawiwa watu wanne, kila mmoja hupata robo. Kanieneo haigawiwi namna hiyo. Ukiingiza kilo 10 juu ya sentimita moja ya mraba, basi kila sentimita ya mraba katika chombo chote, iwe ni mia au elfu, itasukumwa kwa kilo 10 zile zile. Penye eneo dogo patakuwa na nguvu ndogo. Penye eneo kubwa patakuwa na nguvu kubwa. Kwa hiyo mtu mmoja dhaifu, akisukuma pistoni ndogo, aweza kuinua kwa pistoni kubwa mzigo ambao wanaume kumi wangeushindwa.

Asiyeamini na ajaribu nyumbani. Katika duka la dawa zinunuliwe bomba mbili mpya za sindano, moja ya mililita 2 na moja ya mililita 20, na kipande cha mpira mwembamba wa dripu. Sindano zenyewe zitupwe mbali na watoto, hazina kazi hapa. Ziunganishwe bomba zile kwa mpira, vyote vijazwe maji bila kuachwa hata tone la hewa. Kisha mtoto mdogo asukume bomba ndogo, na kaka yake mkubwa aizuie kubwa kwa dole gumba. Mdogo atashinda, na nyumba itacheka. Lakini kaka asiondoke kwa hasira. Na atazame vizuri, ataona kwamba mdogo amesukuma mwendo mrefu, na bomba kubwa imesogea kidogo tu. Hakuna cha bure hapa. Kinachopatikana katika nguvu hulipwa katika mwendo, sawasawa, kama mizani ya muuza dhahabu.

Mfano mkubwa wa jambo hili umo katika vinu vya pamba vya Simiyu. Pamba ikishachambuliwa na mbegu zake kutengwa, nyuzi zinazobaki ni nyepesi mno, hujaza ghala kwa uzito usiofika gunia chache za mpunga. Hapo kale watu waliingia ndani ya sanduku wakazishindilia kwa miguu. Siku hizi hushindiliwa kwa mashine ya mafuta yaliyofungiwa mpaka litoke robota la karibu kilo 200, gumu kama gogo, nalo hufungwa upesi kwa nyaya kabla halijajifumua. Tuseme pampu ya mashine ina pistoni yenye eneo la sentimita 2 za mraba, nayo yasukumwa kwa nguvu ya kilo 400. Kanieneo itakuwa kilo 200. Ikiwa pistoni kubwa chini ya sanduku ina eneo la sentimita 700 za mraba, itapanda kwa nguvu ya kilo 140,000, yaani tani 140. Lakini ili ipande sentimita moja tu, pistoni ndogo yapasa kwenda sentimita 350. Ndiyo maana pampu hulia muda mrefu na robota hupanda polepole. Jeki ya mafuta iliyomo katika magari yetu ni ndugu mdogo wa mashine hiyo.

Aliyeieleza kanuni hii kwa ukamilifu ni Mfaransa Blaise Pascal, aliyezaliwa mwaka 1623 na kufa mwaka 1662. Kitabu chake juu ya mizani ya vimiminika kilitolewa mwaka 1663, yeye akiwa kaburini. Humo alieleza chombo chenye milango miwili, mmoja mkubwa mara mia kuliko mwenzake, na kwamba mtu mmoja katika mlango mdogo angewazuia watu mia katika ule mkubwa. Baadhi ya ndugu zetu hupenda kusema kwamba kila elimu ya Wazungu ilikuwa kwetu kwanza. Sisi hatuipendi tabia hiyo, kwa kuwa haki za watu hazijengwi kwa kunyang'anya haki za wengine. La kweli ni kwamba wana wa Musa walitunga Baghdad, katika karne ya tisa ya miladi, kitabu cha vyombo vya ajabu viendavyo kwa maji na hewa. Na kwamba Al-Khazini wa Merv aliandika mwaka 515 wa Hijra, yaani 1121 au 1122 ya miladi, kitabu kikubwa cha mizani, ambamo alipima uzito wa maji na vimiminika vingine kwa uangalifu unaostaajabisha hata leo. Sifa zao hizo zawatosha. Kanuni ya msukumo uliofungiwa ni ya Pascal.

Hata hivyo, kutoka kitabuni hadi kazini kulipita zaidi ya miaka mia. Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya mashine yake ya kushindilia mwaka 1795, na taabu kubwa haikuwa nguvu, ilikuwa kuvuja. Maji yaliyobanwa hutafuta upenyo wowote kandokando ya pistoni. Yasemekana aliyeiondoa taabu hiyo ni Henry Maudslay, kijana aliyekuwa akimfanyia kazi, kwa kuweka pete ya ngozi iliyokunjwa mfano wa kikombe, mdomo wake ukielekea upande wa maji. Hata maji yakizidi kubana, hubana ngozi ile ukutani, na kadiri yasukumavyo ndivyo yanavyojifungia mlango wenyewe. Raba ndogo zilizomo katika breki za pikapu ya Mwamanyili ni za umbo lile lile la kikombe.

Tumefika kwenye breki zenyewe. Dereva akikanyaga pedeli kwa nguvu ya kilo 30, pedeli, kwa kuwa ni wenzo, huizidisha mara nne hivi, ikawa kilo 120. Nguvu hiyo husukuma pistoni ya masta, ambayo tuseme ina eneo la sentimita 3 za mraba. Kanieneo itakuwa kilo 40. Kanieneo hiyo hupita katika bomba nyembamba mpaka kwenye magurudumu, na kila gurudumu huipata yote. Kama pistoni ya gurudumu ina eneo la sentimita 20 za mraba, itabana kwa nguvu ya kilo 800. Mguu wa kilo 30 umezaa kilo 800 gurudumu hili, na lile, na lile. Gari la kwanza kuuzwa likiwa na breki za namna hiyo katika magurudumu yote manne lilikuwa Duesenberg la Marekani, mwaka 1921. (Mabasi na malori makubwa hutumia hewa iliyoshindiliwa kwa mashine kwa desturi nyingine kabisa, na twaomba msomaji asichanganye hayo na haya.)

Kumbuka sasa ile bei tuliyoitaja, kwamba nguvu hulipwa kwa mwendo. Pistoni ya gurudumu husogea kidogo sana, na pedeli ina mwendo mfupi wa kutoa. Biashara hii yafaa kwa sharti moja tu: maji yaliyomo yasikubali kupunguka. Nayo hayakubali. Maji yakibanwa kwa kanieneo ya kilo 100 kwa kila sentimita ya mraba hayapungui hata nusu ya sehemu moja katika mia, na mafuta ya breki nayo hukataa karibu vivyo hivyo. Hewa haina msimamo huo. Ukiizidishia kanieneo mara mbili, hujikunja ikawa nusu. Mara kumi, ikawa sehemu moja ya kumi. Basi likiwamo povu katika bomba, mguu wa dereva hufanya kazi ya kulikunja povu, na mwendo wote wa pedeli humalizikia humo. Magurudumu hayana habari. Hewa ile ile tunayoivuta kwa raha, ikiingia mahali ambapo haikupasa kuwapo, ndiyo inayoua.

Akirudi mtoto kwenye bomba zake mbili na kuacha hewa kidogo ndani, ataliona jambo hili kwa macho yake: atasukuma, na mwenzake hatahisi kitu mpaka hewa ikunjwe. Hewa huingia breki zinapofunguliwa, au mafuta yanapopungua kikoponi kwa sababu ya kuvuja. Ndiyo sababu fundi humweka mtu akanyage, akafungua kijiskrubu kilichopo gurudumuni, povu likatoka pamoja na mafuta, akafunga kabla pedeli haijaachiwa, akarudia hivyo gurudumu moja moja mpaka yatoke mafuta matupu. Na kukanyaga mara tatu, kama alivyofanya dereva wetu, ni kuongeza mafuta nyuma ya povu kwa haraka. Povu limebaki pale pale.

Je, maji ya sabuni? Mtu atauliza: ikiwa maji hayapunguki, kwa nini yasitumike? Kwanza, hutia kutu ndani ya masta. La pili ndilo kubwa. Breki hufanya kazi kwa kusugua, na kusugua huleta moto. Maji huchemka kwa nyuzi 100, na mvuke wake ni hewa kama hewa nyingine, hujikunja. Gari likiteremka Kitonga au Sekenke kwa breki za maji, pedeli iliyokuwa ngumu kileleni yaweza kuwa tupu katikati ya mteremko. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yamewekewa sharti kwamba, yakiwa mapya, yasichemke chini ya nyuzi 205. Nayo yana kasoro yake: hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, na yakishaunyonya sharti lake hushuka hadi nyuzi 140. Kwa hiyo hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi hata kama hayajapungua, na chupa iliyokaa wazi dukani isinunuliwe. Wengine hutia mafuta ya injini, wakidhani mafuta ni mafuta; hayo huzivimbisha zile raba za kikombe, zikakwama au zikavuja.

Pale shambani palitokea mjadala. Dereva alisema ni kadari ya Mwenyezi Mungu, naye ametuokoa. Mama mmoja, mtu mzima, aliyekuwa bado amemshika mjukuu wake mkono, akamwambia: "Mwanangu, kutuokoa katuokoa Mungu, hilo sina shaka nalo. Lakini siku tano ulikuwa ukijua." Kijana akainamisha kichwa. Ilibainika kwamba maji yale yalitiwa na mtu mwingine gereji, kwa bei nafuu, naye aliambiwa ni dawa ya muda tu.

Twaona maneno ya mama yule yalikuwa ya fikihi kuliko ya wengi wetu. Bedui aliyemwacha ngamia wake bila kumfunga aliamrishwa na Mtume (s.a.w.) amfunge, kisha ategemee. Na wanavyuoni wamefundisha kwamba mtu anayejitia utabibu hali haujui, akadhuru, hulipa. Hatuoni kwa nini anayetia maji ya sabuni katika breki za watu aonewe huruma zaidi kuliko mganga. Nasi abiria tusijitoe lawamani. Tulipatana nauli kwa robo saa nzima, tukashusha shilingi elfu tatu, wala hapana aliyeuliza habari ya breki. Kuuliza si utovu wa adabu. Dereva akanyage pedeli gari likiwa limesimama: ikisimama juu, ngumu, ni heri; ikizama polepole chini ya mguu, kuna mahali panavuja; ikinesa kama godoro, kuna upepo. Hilo hata mtoto aweza kulitazama.

Fundi alikataa kuliacha gari liondoke. Dereva akapanda pikipiki kutafuta chupa mbili za mafuta, nasi na kina mama tukaenda kwa miguu, maiti haingojeshwi. Mwenye shamba tulimwendea baada ya maziko kumlipa pamba yake. Alihesabu mashina yaliyovunjika mbele yetu, moja moja, akapokea nusu ya tulichompa. Tuliporudi njiani kabla ya Magharibi, pikapu lilikuwa tayari. Fundi alikuwa amelala chini ya gurudumu la mwisho la nyuma, na ndani ya gari, miguu yake haifiki vizuri, alikaa mtoto wa mwenye shamba akikanyaga pedeli kila aambiwapo: kanyaga, shikilia, achia.